Anti, shoga yangu amenirudishia rambirambi yangu

Shikamoo Anti, pole na majukumu. Safu yako naisoma siku nyingi ila leo ndo nimepata ujasiri wa kuandika, na naandika saa saba usiku, usingizi umekata kabisa, kwa hiyo nikichanganya mambo naomba univumilie.

Mimi ni dada wa miaka 28, kwetu Newala ila nipo Mtwara mjini tangu 2015. Nashona. Nina cherehani mbili na kibanda cha kupanga pale Magomeni. Niliokoka miaka mitatu iliyopita kwenye mkutano wa injili na nasema ukweli wa Mungu nilibadilika, maana kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kunywa, mtu wa vigodoro, hela ya kushona nguo za watu nakula halafu nazima simu. Yesu alinitoa huko na sitaki kurudi.

Sasa nina shoga yangu. Tumekua mtaa mmoja, tumechezwa unyago mwaka mmoja, tumelala mkeka mmoja, hata mjini tulikuja wote tukapanga chumba kimoja Chikongola tunalala godoro la futi tatu wawili. Yeye alibatizwa utotoni, ni Mkatoliki, ila kanisani alishaacha kwenda siku nyingi, ana grosari yake anauza bia na soda. Mwanaume wangu aliponikimbia nina mimba ya miezi saba yeye ndo alinihudumia, na mtoto alipofia tumboni yeye ndo alikaa na mimi wodini siku tatu, analala chini ya kitanda kwenye kanga. Sijawahi kumwambia mtu kanisani hiyo habari.

Nilipookoka kiongozi wa kikundi chetu aliniita pembeni akaniambia nikate hiyo kamba. Akanisomea mazungumzo mabaya huharibu tabia njema, akasema Mungu hawezi kuniinua wakati bado nina marafiki wa baa. Nikakata. Sikumtukana Anti, sikugombana nae, niliacha tu kupokea simu zake pole pole, akiniita nasema niko bize, mwisho na yeye akaacha.

Mwezi wa tano mama yake akafariki kule Newala. Yule mama amenilisha sana mimi, nikitoka shule napitia kwake nakula ming'oko kwanza ndo naenda nyumbani. Siku ya mazishi kanisani tulikuwa na semina ya siku tatu na mimi nilikuwa kamati ya chakula, nikaona siwezi kutoka, nikatuma elfu ishirini kwa simu pamoja na mstari wa Biblia. Siku ya tisa hela ikarudi. Na meseji, maneno mawili, "Asante, nimeshazika."

Toka siku hiyo sina raha. Na kuna lingine naona aibu kulisema, imani yenyewe imepoa. Nje huwezi kujua, jumapili nipo, mkesha nipo, mahubiri nasikiliza kwenye simu nikiwa nashona kuanzia asubuhi mpaka bando linaisha, lakini kuomba mwenyewe chumbani nina kama miezi mitatu sijaomba. Mwezi uliopita niliumwa malaria wiki nzima. Kwenye grupu la kanisa WhatsApp zikaja meseji nyingi za ugua pole mtumishi na vile vimikono, ila aliyekuja ni mama mwenye nyumba wangu, Mwislamu, kaniletea uji wa mchele, kanikanda na maji, kafua na mashuka. Nililia, sikujua nalia nini.

Maswali yangu ni haya Anti. Nikirudiana na shoga yangu nitakuwa nimerudi nyuma? Na kama sio dhambi nawezaje kumwambia habari za Yesu mtu niliyemfanyia hivi? Na mbona nafanya kila kitu ila moyoni pakavu? Ile elfu ishirini nayo nimeiacha kwenye simu mpaka leo, siwezi kuitumia.

Fundi wa Magomeni

*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliacha kazi nikakaa nje kidogo.

Kwanza pole. Pole ya malaria, pole ya yule mama wa Newala maana na wewe umefiwa, na pole ya mtoto. Umesema hujawahi kumwambia mtu kanisani. Miaka mitatu unaabudu na watu na hakuna hata mmoja anayejua kwamba ulizaa mtoto ukamzika. Mi nadhani swali lako la tatu jibu lake umeliandika wewe mwenyewe hapo kwenye huo mstari ukapita bila kuuona, kwa hiyo naanza na hilo, ya shoga yako yatakuja.

Huku kwetu pwani nyumba ina baraza na ina uani. Barazani anakaa kila mtu, muuza samaki, balozi, mgeni wa mume, mnasalimiana mnaulizana habari za nyumbani unasema nzuri hata kama ndani hamjala. Uani ni kwingine. Uani anaingia yule anayepita moja kwa moja bila hodi ndefu, anakukuta umefunga kanga moja kifuani, sufuria imeungua, macho yamevimba, na huna haja ya kujipanga. Sasa wewe kanisa lako lote umeliweka barazani. Watu wazuri, sikatai, ila wote wako barazani, na mtu pekee aliyekuwa uani kwako ulimfungia mlango. Huyu mama mwenye nyumba kaingia uani kwa sababu ya malaria tu, ungekuwa mzima ungemwambia "nzuri, marahaba" na yeye angepita zake. Ndo maana ulilia. Ulikuwa na njaa ya mtu.

Mahubiri ya kwenye simu ni mazuri, hata mimi nasikiliza nikiwa napika, lakini yule mhubiri hawezi kukuuliza swali. Hawezi kukuona umekonda. Unaweza ukamsikiliza saa nane kwa siku na yeye asijue kama upo duniani, na hapo ndipo mtu anakauka, sio kwamba maneno ni mabaya, ni kwamba hakuna anayeyafuatilia mpaka jikoni kwako kuona yamefanya nini.

Ngoja nikwambie lililonikuta mimi maana siongei ya vitabuni. Mimi ni Mwanglikana wa kule Masasi, nimeolewa huku Lindi, na miaka yangu ya kwanza ya ndoa nilikuwa kama wewe hivi hivi, kwaya nipo, umoja wa akina mama nipo. Tulikuwa tunabangua korosho nyumbani kwa mama mmoja mtu mzima, sisi watatu. Kama umewahi kubangua kwa mkono unajua lile ganda lina mafuta, yakikugusa ngozi inachubuka inakuwa nyeusi, kwa hiyo unachovya vidole kwenye jivu, unagonga, unachovya, unagonga. Kazi ya kukaa muda mrefu. Mnaongea weee mpaka maneno yanaisha mnabaki mnagonga tu. Siku hiyo maneno yameisha, yule mama hata kichwa hakuinua, akaniuliza, "Wifi yako anaendeleaje?" Nikasema hajambo. Akagonga korosho kama nne hivi, akasema, "Mwaka wa pili huu kila nikikuuliza unasema hajambo, na mwaka wa pili huu sijamwona akipita kwako."

Mwanangu, nilikuwa nimegombana na wifi yangu kwa mikorosho sita ya mpakani. Mikorosho sita tu. Kila jumapili nashiriki meza ya Bwana na huyo dada sisemi nae, na padri hakujua, angejuaje, padri ananiona saa mbili kwa wiki nimevaa gauni la heshima. Aliyejua ni yule niliyekuwa nachovya nae jivu bakuli moja. Hakunihubiria. Aliniambia tu kesho tutaenda wote kwa wifi yako, mi nitakaa nje. Na tulikwenda, na alikaa nje kweli, juani, zaidi ya saa nzima.

Nimesikia mahubiri ya msamaha sijui mangapi kabla ya siku ile na yote nilisema amina.

Na hii sio staili ya Lindi peke yake. Ule uamsho mkubwa wa Afrika Mashariki, wa hawa tunaowaita walokole, ukiufuata nyuma unafika kwa watu wawili. Mwaka 1929 pale Namirembe Kampala, Mganda mmoja Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church, kila mmoja kachoka kiroho kivyake, walikaa pamoja wakasoma Biblia wakaomba. Hakukuwa na jukwaa wala spika. Kutoka hapo moto ukaenda Gahini kule Rwanda, ukarudi Uganda, ukaingia na huku kwetu kupitia Bukoba, na kitu kilichowatambulisha wale watu popote walipo ni kukaa vikundi na kuambiana ukweli, kuungama mtu kwa mtu, walikuwa wanasema kutembea nuruni. Wakatoliki nao, maaskofu wao wa ukanda huu walipokutana mwaka 1976 walikubaliana kuzipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo, watu wa mtaa mmoja wanakutana nyumbani kwa mtu wanasoma injili, wanajua nani mgonjwa nani hana unga. Tena nikubahatishie, kule Newala siku ile waliochota maji na kusonga ugali wa msibani ni watu wa jumuiya ya yule mama. Shoga yako anayesemwa ameacha kanisa, kanisa lilimkuta jikoni kwa mama yake. We hukuwepo. Nasema hivi sio kukuumiza, nasema ili ujue kuwa habari ya Mungu na huyu dada haijasimama ikikusubiri wewe.

Sasa tafuta mtu. Usitafute kikundi, kikundi unacho tayari. Tafuta mtu mmoja, wakizidi sana wawili, wanawake wenzio, wanaomcha Mungu, na kigezo changu cha kwanza ni kimoja, angalia kama anakuletea siri za wengine. Akikuletea za wenzio na zako anazipeleka, huyo muache barazani umsalimie vizuri. Najua makanisani siri zinavuja na watu wengi wameumia hapo, mtu kaungama kwa machozi jumapili inayofuata anajisikia kwenye mahubiri. Kwa hiyo jaribu kidogo kidogo. Mwambie jambo dogo, usubiri. Likikaa, mwambie kubwa. Unaweza kumwita kibandani kwako jioni ukishafunga kazi, mkapika hata mihogo, mkasoma lile neno la jumapili mkaulizana hili limenigusa wapi, kisha kila mtu aseme jambo moja la kweli la wiki yake, muombe, basi. Simu mbali. Mkianza kusengenya mchungaji simameni mkaoshe vyombo. Na siku utakayoweza kumwambia habari ya mtoto wako, mwambie. Hiyo siku utaomba, wala hutajilazimisha.

Haya, tuje kwa shoga.

Yule kiongozi wako simlaumu sana, aliogopa utarudi kwenye pombe na hofu yake ilikuwa na msingi. Ule mstari aliokusomea ni wa kweli, 1 Wakorintho 15:33. Ila kwenye barua hiyo hiyo, nenda sura ya 5 mstari wa 9 mpaka wa 11, Paulo mwenyewe anasahihisha watu waliomwelewa vibaya, anawaambia niliposema msichangamane sikuwa na maana ya watu wa dunia, maana hapo ingewabidi mtoke duniani kabisa. Alikuwa anamsema mtu anayejiita ndugu, yumo kanisani, na anafanya uchafu waziwazi. Yaani Paulo aliwazuia kwa upande mmoja na sisi tunawafungia mlango watu wa upande wa pili.

Halafu muangalie Lawi, Luka 5. Mtoza ushuru kaacha meza yake kamfuata Yesu, kitu cha kwanza alichofanya baada ya kuokoka ni kupika. Kapika karamu kubwa nyumbani kwake kaita watoza ushuru wenzie, wale wale wa kijiwe kimoja, kamkalisha Yesu katikati yao. Na Andrea alimtafuta nduguye Simoni. Na Kornelio, kabla Petro hajafika kwake alikuwa ameshakusanya jamaa zake na rafiki zake wa karibu wamejaa nyumbani wanangoja. Nikikaa nikawaza naona injili ilikuwa inapita kwa watu wanaojuana, wanaojua jina la mama yako na ulichokula jana. Aliyekujua ukiwa mlevi ndo anayeweza kuona umebadilika, mimi nikikutana na wewe leo nitaona fundi tu mwenye adabu.

Hata imani huku kusini iliingiaje? Askofu Steere wa Waanglikana alifika Masasi mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani, wametoka nao Zanzibar, wakalima wakajenga wakakaa. Na baadae kule Chitangali kwa chifu Nakaam aliyeshika kazi ni Cecil Majaliwa, Myao, na yeye aliwahi kuchukuliwa mtumwa utotoni akakombolewa, mwaka 1890 akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza kwa misheni yao ile. Alikaa na Wayao wenzie kwa lugha yao, na familia yake, wanamwona akiamka na akilala. Bibi zetu wa upande ule walisikia habari za Yesu kutoka kwa mtu ambaye walikuwa wanajua anavyoishi na mke wake.

Kwa hiyo kurudiana na shoga yako sio kurudi nyuma. Ila na mimi sitakudanganya, pombe ilikuwa udhaifu wako na yeye anauza pombe. Usiende grosari jioni ukakaa kaunta ukasema nashuhudia. Mtafute asubuhi nyumbani kwake, au aje kwako, mshonee, mpike. Akikwambia njoo tukae pale kama zamani, mwambie ukweli, mwambie pale siwezi kukaa, nikikaa nitakunywa. Hapo utakuwa umemshuhudia kuliko mistari kumi, maana umemwonyesha kwamba bado una mwili na unaulinda. Na yule mwenzio wa kuomba nae ajue kuwa unamtembelea nani na lini. Ukiwa na mtu wa kukuuliza jioni "leo vipi kule," unaweza kwenda mahali pengi salama, ukiwa peke yako hata kanisani utaanguka.

Sasa utamwambiaje habari za Yesu? Usimwambie. Kwa sasa usimwambie. We una deni.

Nenda kwake. Usipige simu, usitume meseji, ulishatuma. Nenda kwa miguu yako, umevaa kanga, asubuhi kabla hajafungua biashara. Msiba wetu hauna kuchelewa, mtu akija baada ya miezi sita anapokelewa anatandikiwa mkeka, nawe unalijua hilo. Ukae chini, sio kwenye kiti. Umwambie nimekuja kukupa pole ya mama, na nimekuja kukuomba radhi kwa sababu sikuja kumzika na nilikuwa naweza kuja. Hiyo "nilikuwa naweza kuja" usiiruke hata ikikukaba. Usimwambie habari ya semina. Usimwambie ulikuwa kamati ya chakula, maana atakuuliza nani alikupa chakula wewe ulipotoka shule na njaa, na hutakuwa na jibu. Na nakusihi sana, usiseme shetani alinizuia. Ni wewe ulibaki.

Kisha nyamaza. Huenda akalia, huenda akakutukana, akikutukana matusi ya unyagoni yapokee, mtu hamtukani hivyo asiyempenda. Huenda akasema karibu chai na sura imekauka kama mgeni wa serikali, hiyo ndo ngumu zaidi, kunywa chai hiyo uage urudi wiki ijayo. Urudi. Ulikuwa unamkwepa miaka mitatu, usitegemee afunguke kwa siku moja.

Na uombe kwa ajili yake, hilo hata leo usiku unaweza, hata kama moyo umekauka. Mtaje kwa jina lake, na jina la mama yake.

Siku itafika atakuuliza. Mi naamini, ingawa siwezi kukupa tarehe. Atakuuliza mnapopika au mnapoanua nguo, sio rasmi, atasema, "Hivi we kweli umeacha kabisa?" au "Hivi kule mnaombaga nini?" Hapo ndo umwambie, na umwambie yote, kuwa Yesu alikutoa kwenye yale anayoyajua yeye, na kuwa ulikosea ukadhani kumfuata Yesu ni kumwacha yeye, na kuwa kuna miezi mitatu hukuomba. Usijipambe. Anakujua uani kwako kulivyo. Ukimwonyesha baraza tu atajua unamficha kitu na hatakuamini hata Yesu wako. Asije pia akahisi ni jina kwenye karatasi ya ripoti ya kikundi chenu, roho ngapi mwezi huu. Mpende hata kama hatakanyaga kanisani kwenu. Na akiamua kurudi kwao Katoliki, kwa jumuiya iliyomzika mama yake, umsindikize mpaka mlangoni na ufurahi.

Na mama mwenye nyumba wako usimsahau. Dini yenu sio moja na sikwambii uende kumbishia, nenda kampe shukrani, mshonee hata baibui lake, mtoto wake akiumwa uwe wa kwanza kubisha hodi. Kukaa vizuri na jirani ni haki yake kwanza, hata kama hamtaongea dini mpaka mnazeeka.

Ile elfu ishirini usimtumie tena kwa simu. Itoe. Nenda sokoni ununue doti ya kanga, usome jina lake vizuri kabla hujalipa, isiwe ya vijembe, hapo ndo tunaharibu. Uikate vipande viwili uipinde mwenyewe, na usipitishe cherehani, pinda kwa mkono, pindo jembamba kama mlivyofundishwa na kungwi wenu. Nadhani mikononi mwa fundi itachukua jioni mbili. Jioni hizo mbili muombee. Kisha uichukue uende, na ukirudi uniandikie, hata kama mlango haukufunguliwa niandikie.